Midomo ya Vasant

Mihayo alikuwa mnadi. Kwanza alinadi ng'ombe huko kwao Magu, na mitumba iliporuhusiwa kuingia kwa wingi akahamia Mwanza mjini akaanza kunadi mashati. "Ng'ombe na shati ni kitu kimoja," alipenda kusema, "isipokuwa shati halikupigi teke." Kila asubuhi alipanda juu ya meza karibu na soko kuu, shati mkono huu, suruali mkono ule, na sauti yake ilikwenda mbali kiasi kwamba kuna watu walioapa kuwa waliisikia wakiwa bado ndani ya kivuko cha Kamanga, hawajagusa gati.

Mtu mmoja tu hakuifurahia sauti hiyo. Huyo alikuwa Vasant, mwenye duka la vitambaa na khanga lililoachwa na babu yake, ng'ambo ya pili ya barabara. Mwanamke aliyekuwa akija kwake kupimiwa yadi mbili za kumshonea binti gauni, sasa aligeukia mlangoni akavuka kwenda kuchukua gauni lililokwisha kushonwa Ulaya. Vasant alijaribu kuweka redio kubwa barazani ili imzidi Mihayo. Redio ikashindwa. Kwa miaka mitano watu wale wawili walitazamana kila siku kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, wala hawakuwahi kuamkiana.

Mwanzoni mwa mwaka tisini na nne sauti ya Mihayo ikaanza kukwaruza. Akanywa asali na tangawizi. Akanywa maji ya limau yaliyochemshwa. Akaenda kwa mganga mmoja upande wa Sengerema, akachanjwa chale shingoni, akaambiwa mbaya wake ni mtu mwenye duka. Jambo hilo Mihayo aliliamini bila shida. Lakini mkewe, Paskazia, alikuwa mwanamke asiye na subira na mambo ya mafumbo. Siku alipomsikia mumewe akiita "jinzi, jinzi" kwa sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta, alimshika mkono akampeleka hospitali. Daktari akaingiza kioo kidogo kooni, akauona: uvimbe kwenye koromeo, mahali sauti inapozaliwa. Kansa, lakini bado changa. Ikabidi apande treni kwenda Dar es Salaam kupigwa mionzi wiki sita. Aliporudi uvimbe ulikuwa umekwisha, na sauti nayo ilikuwa imebaki nusu. Aliweza kuzungumza na mtu aliyekaa karibu. Mtu wa kivuko cha Kamanga hakumsikia tena.

Mwezi wa saba Daktari Evelina wa hospitali ile akamwita kliniki pamoja na mkewe.

"Shikamoo, mzee," alisema daktari. Umri wake ulikuwa wa binti yao wa kwanza, na alizungumza taratibu kama mtu anayemimina maziwa.

"Marahaba, daktari."

"Nimetazama, koo ni safi. Lakini kansa ya koo na ya mdomo ina tabia ya kurudi, au kuota jirani na pale ilipokuwa. Kuna dawa ya jamii ya vitamini A, inadhaniwa huenda ikaizuia. Huenda. Hakuna anayejua kwa hakika, ndiyo maana tunafanya utafiti. Nusu ya wagonjwa watapata vidonge vyenye dawa. Nusu watapata vidonge vinavyofanana navyo kabisa, lakini ndani ni mafuta ya kula tu. Kimoja kila siku, mwaka mzima, kisha tutalinganisha."

"Mwandike kwenye dawa," alisema Paskazia.

"Siandiki mimi, mama. Kura inapigwa Dar es Salaam. Chupa zinakuja na namba tu."

"Basi mchagulie chupa yenye dawa."

"Sijui ni ipi."

"Wewe daktari, hujui?"

"Sijui. Na mzee Pius pale dirisha la dawa hajui. Tukijua tutaanza kuwatazama wagonjwa kwa macho mawili tofauti, na jibu litaharibika."

Paskazia alifunga mkoba wake tayari kuondoka. Lakini Mihayo alikuwa ameinama mbele, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu atoke Dar.

"Mama Shimba, hili ni belo," alimwambia mkewe. "Ukinunua belo la mitumba hulifungui, na aliyekuuzia naye hajalifungua. Linaweza kuwa makoti ya ngozi, linaweza kuwa soksi za mguu mmoja. Nimefanya kazi hii miaka mitano, naijua."

"Ndivyo," alisema daktari, naye akaonekana kupumua. "Isipokuwa hili hutalifungua hata ukifika nyumbani." Akamweleza kwamba anaweza kujitoa siku yoyote bila kuulizwa, kwamba matibabu yake mengine hayatapungua, na kwamba vidonge ni vyake peke yake, asimpe mtu hata kimoja. Mihayo akaandika jina lake kwa herufi kubwa. Pius, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akampa chupa namba thelathini na mbili.

Alipotoka nje, kwenye benchi la ukumbini alikuwa amekaa Vasant na mkewe Manjula. Vasant alikuwa ametafuna tambuu yenye tumbaku kwa miaka thelathini, na shavu lake la kushoto likaota kidonda kisichopona. Walikuwa wamelikata na kulishona, na sasa uso wake ulivutwa upande mmoja, kama mtu anayetaka kucheka utani ambao wenzake hawajausikia. Mkononi alikuwa na chupa namba thelathini na moja. Mihayo aliitazama chupa ile. Vasant aliitazama ya Mihayo. Hawakuamkiana.

Mwezi wa kwanza ukapita. Waliporudi kliniki, Mihayo alimwona Vasant akashtuka. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama tope la mbuga za Magu mwezi wa tisa. Ngozi ya viganja ilikuwa ikibanduka. Manjula alikuwa akimpaka mafuta kwa ncha ya kidole, na kila akimgusa Vasant alifumba macho.

Mihayo alijilamba midomo yake mwenyewe. Ilikuwa laini.

"Umeona?" alimnong'oneza mkewe walipofika nje.

"Nimeona," alisema Paskazia. "Mafuta ya kula hayapasui mtu midomo. Yule ana dawa. Wewe unakula mafuta ya kukaangia mandazi."

Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi kabla ya chai Paskazia alimweka mumewe mlangoni penye mwanga, akamshika kidevu, akamkagua midomo kama anayekagua ng'ombe meno. Haikupasuka. Mihayo akaacha kunywa maji mchana. Haikupasuka. Akaenda kukaa juu ya mawe ufukweni, kinywa wazi, upepo wa ziwa umpige. Alirudi na mafua. Lile neno lake la belo likageuka kuwa mwiba. Alikuwa amesema anaijua kazi ya kununua bila kufungua, lakini hajawahi kuwekwa meza moja na mtu aliyeangukia makoti ya ngozi huku yeye ana soksi, na mtu mwenyewe awe Vasant.

Mwezi wa pili ukamkuta Vasant peke yake benchini. Mihayo akakaa. Vasant akazungumza kwa ile pembe moja ya mdomo iliyokuwa inafanya kazi.

"Bwana Mihayo, wewe midomo yako mizuri."

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza kati yao kwa miaka mitano. Mihayo akakohoa. Damu ya mnada ikamwamka mwilini, na sheria ya kwanza ya mnada ni kwamba kitu unachokitaka usikisifu.

"Ya kawaida tu," alisema. "Na yako si mibaya sana. Nimeona watu wenye midomo mibaya kuliko hiyo."

"Hii?" Vasant aliielekeza kwa kidole bila kuigusa. "Siwezi kula achari. Siwezi kula pilipili. Manjula anapika chakula cha mtoto mchanga. Anasema hawa watu wananiua. Wewe umepata kitu kizuri, unakula unachotaka."

"Nakula, ndiyo," alisema Mihayo, akajifanya kuhuzunika kidogo. "Lakini vidonge vyangu ni vikubwa kumeza."

"Vinafanana."

"Ukiviangalia. Ukivimeza utaona."

Vasant naye hakuzaliwa dukani bure. Alielewa kwamba mwenzake anauza, na kwamba anajifanya hauzi, na moyo ukamchangamka kuliko siku zote tangu afanyiwe upasuaji. Wakaanza. Mmoja alisema vidonge vyake vina miezi miwili tu ya mateso, kisha mtu huzoea. Mwingine alisema usingizi anaoupata kwa vidonge vyake ni wa mfalme. Waliinuka mara mbili kama wanaotaka kuondoka, kila mmoja akasubiri kuitwa, na mara mbili wakaitana. Ilichukua kiasi cha nusu saa. Pius alipowapa chupa mpya za mwezi, walikwenda nyuma ya ukuta wa kufulia, wakamimina vya huyu kwenye chupa ya yule, na vya yule kwenye ya huyu, wakapeana mikono. Kila mmoja aliondoka akiamini amemwibia mwenzake.

Siku ya kumi na mbili midomo ya Mihayo ikapasuka.

Alimwita Paskazia kutoka jikoni aje aone. Paskazia akaona, akapiga kigelegele kidogo, akachinja kuku. Mihayo hakuweza kumla, kwa sababu mchuzi ulikuwa na chumvi. Alikwenda sokoni kuwaonyesha wenzake. Walimuuliza kilichompata, akawajibu, "Dawa inafanya kazi," na kila aliposema herufi ya "f" mdomo wa chini ulichanika. Wiki ya tatu pua ikaanza kukauka na kutoka damu. Macho yakawa kama yametiwa vumbi. Ngozi ya viganja ikabanduka, shati alilolishika likabaki na vipande vyake. Paskazia alimpaka samli asubuhi na jioni, mpaka nyumba nzima ikanuka zizi. Hakulalamika. Mtu halalamiki makoti ya ngozi kuwa mazito.

Kwa Vasant mambo yalikwenda kinyume. Midomo ilipona, akala achari siku tatu mfululizo. Siku ya nne Manjula akamtazama vizuri, akamwuliza midomo imeponaje. Vasant hakuwa hodari wa kumficha mkewe. Jioni ile ile walifika nyumbani kwa Mihayo, Manjula mbele.

"Mama Shimba," alisema Manjula kwa upole wa kutisha, "mume wangu alikuwa na dawa. Mume wako ameichukua."

"Si wewe uliyesema inamuua?" Paskazia aliuliza.

"Nilisema. Nilikuwa sijajua kama ndiyo yenyewe."

"Mali ikishauzwa hairudi," alisema Mihayo kwa sauti yake ya nusu, akifuta damu ya mdomo. Vasant alimtazama kwa jicho ambalo ndani yake kulikuwa na hasira na huruma pamoja, maana aliyajua maumivu yale. Wageni hawakunywa hata chai.

Kliniki ya mwezi wa kumi walikwenda kila mmoja kivyake, wakakaa ncha mbili za benchi lile lile. Mihayo aliona jambo lisilo la kawaida. Mzee Pius hakuwa dirishani. Alikuwa amekaa katikati yao benchini, kama mgonjwa, mikono mapajani, na mikono ile ilionekana haijui la kufanya. Dirishani alikuwa msichana mgeni.

"Umeumwa, mzee wangu?" aliuliza Mihayo.

"Siumwi," alisema Pius. "Nimesimamishwa. Nesi aliwapitia wagonjwa majumbani wiki ya tatu akajaza karatasi, daktari akazipeleka Dar es Salaam kama kawaida. Wakubwa wa utafiti wakaona namba thelathini na moja midomo imepona, na thelathini na mbili imepasuka, mwezi mmoja. Wanasema dirishani nimechanganya chupa. Wanakuja watu watatu Jumatatu kunihoji." Akavua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Miaka ishirini na minane. Sijawahi kumpa mtu hata aspirini asiyoandikiwa. Usiku nahesabu chupa kichwani. Sasa hata mimi naanza kuamini nimechanganya."

Akainuka akaenda kunywa maji. Mihayo na Vasant wakabaki na nafasi tupu katikati yao. Mihayo akasogea.

"Tutaingia tuseme," alisema.

"Tuseme," alikubali Vasant. Akafikiri. "Lakini kosa tuligawe. Wewe robo tatu, mimi robo. Wewe ndiye mnadi."

"Wewe ndiye uliyeanza kusema. 'Midomo yako mizuri.' Nani alisema?"

"Hiyo ilikuwa salamu."

"Nusu kwa nusu."

"Theluthi mbili wewe."

Mlango ukafunguliwa, nesi akaita thelathini na moja. Wakaingia wote wawili. Daktari Evelina alikuwa amekonda. Mihayo hakumpa nafasi ya kuamkia. Alisimama mbele ya meza ile kama alivyokuwa akisimama juu ya meza yake, na kwa sauti iliyobaki akasema kwamba walibadilishana vidonge nyuma ya ukuta wa kufulia, kwamba Pius hana kosa, na kwamba wazo, maneno na ushawishi wote ulikuwa wake yeye peke yake.

"Anasema uongo, daktari," alisema Vasant. "Nusu ni yangu."

Daktari akachukua kalamu. "Tarehe ngapi?"

Wakamtajia. Akaandika. "Vidonge vingapi?" Akaandika. Walisubiri kufokewa, na kwa kuwa hawakufokewa wakajisikia vibaya zaidi.

"Mtatutoa?" aliuliza Mihayo.

"Hapana. Kila mtu anahesabiwa pale kura ilipomweka, hata akifanya mambo ya ajabu njiani. Ndiyo kanuni. Watu huacha dawa, hupoteza, huhama. Tukianza kuwatoa tunaobaki nao ni wale watiifu tu, na hao si watu wote."

Mihayo aliigeuza habari ile kichwani. "Kwa hiyo mimi nimekula dawa hii yote, nimetoka damu puani, na kwenye karatasi yenu ni mtu wa mafuta?"

Daktari akaweka viganja masikioni. "Mzee, usiniambie nani ni wa mafuta. Mimi sitakiwi kujua."

"Lakini midomo si unaiona?"

"Siioni," alisema Daktari Evelina, akatazama dirishani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Ikawachukua muda kutambua kwamba anacheka. Alipomaliza alijifuta machozi, akawaambia kwa ukali kwamba wanarudisha chupa leo leo, na kwamba Jumatatu watakuja wenyewe kuwaeleza wale wageni watatu. Kisha akatoka kumtafuta Pius. Walimwona kwa mlango ulio wazi akizungumza naye pale penye bomba, na mzee yule akavaa miwani yake, akaenda dirishani, akamwinua msichana mgeni kitini bila kusema neno.

Jumatatu walikuja, wakaeleza, wakafokewa na watu watatu mmoja baada ya mwingine. Vasant akarudiwa na midomo yake iliyopasuka. Mihayo alipona ndani ya mwezi, na Paskazia aliacha kumkagua mlangoni kwa sababu, alisema, amechoka kutazama kinywa cha mtu kabla hajanywa chai. Wanaume wale wakaendelea kukaa benchi moja kila mwezi, wakilaumiana kwa mazoea. Mwaka wa vidonge uliisha, ukafuata wa kuangaliwa tu, na mwingine. Mwaka wa tisini na sita Vasant akaota kidonda kipya kidogo chini ya ulimi. Kikakatwa mapema. Siku ya kukatwa, Mihayo alikaa na Manjula nje ya chumba cha upasuaji tangu asubuhi, na hakuna aliyesema juu ya nani alikuwa na nini.

Jibu lilikuja mwaka wa tisini na saba. Daktari Evelina aliwakusanya wagonjwa wote waliobaki, kumi na tisa, akawasomea barua. Kansa zilirudi kwa waliokula dawa karibu sawa na kwa waliokula mafuta. Dawa ile, kwa kipimo kile, haikuzuia kitu.

Vasant aligusa midomo yake.

"Mwaka mzima," alisema. "Bure."

"Si bure," alisema daktari. "Kama tusingejua, ningewapa watu wote wa Kanda ya Ziwa dawa hiyo, na wote wangepasuka midomo, nami ningedhani nawasaidia."

Mihayo aliwaza jambo hilo siku kadhaa. Hakuweza tena kunadi, na meza yake alikwisha kumwachia mwanawe Shimba. Daktari alipomtuma mtu kumwuliza kama angependa kuja mara mbili kwa wiki kuwaeleza wagonjwa wapya, kwa Kiswahili na Kisukuma, utafiti mwingine unaoanza, wa dawa za vidonda vya kinywa vinavyoletwa na mionzi, alikubali kabla ya mjumbe kumaliza.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Sengerema aitwaye Bernadeta, mwenye uvimbe kwenye taya na mashaka mengi. Sauti ya Mihayo haikufika mbali, ikabidi avute kigoda mpaka kitandani na ainame. Akamweleza habari ya kura, ya chupa zenye namba, ya daktari asiyejua, ya ruhusa ya kujitoa, na kwa nini chupa ya mtu ni ya mtu. Alilitumia belo. Bernadeta alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe, baba," aliuliza, "siku zako ulipata ipi? Yenye dawa au isiyo na dawa?"

Mihayo hakupenda kumdanganya mgonjwa. "Nilipata zote mbili," alisema.

Bernadeta aliukuna uvimbe wake taratibu, akifikiri.

"Basi na mimi niandikieni zote mbili," alisema, na Mihayo akaanza kumweleza upya tangu mwanzo.